Azimio la Hallonbergen Kuhusu Mvinyo wa Wakwe

Jumatatu, 1 Oktoba 1984

Ndugu wanamapambano! Wavujajasho wa mabara yote! Nanyi vizazi vijavyo, mtakaoyasoma haya katika maktaba itakayopewa jina langu! Najua kwamba shajara haina hadhira. Hata hivyo naandika nikiwa nimesimama. Hotuba haitungwi kwa kukalia makalio.

Habari kuu. Katika kikao cha Umoja wetu wa Wana Afrika Mashariki hapa Stockholm, Mzee Ignatius Ssali ametangaza kwamba binti yake Eseza amepata mchumba. Makofi. Mchumba ni Mmarekani. Makofi yakapungua; upande wangu yalikoma kabisa. Anaitwa Russell, mtu wa kompyuta kule Kista, mzaliwa wa Kalifornia, na wazazi wake wanakuja kwa ndege kuhudhuria utambulisho Jumamosi ya wiki ijayo.

Mzee akatueleza kinachomnyima usingizi. Kwa Waganda, siku ya utambulisho wakwe huja na vinywaji. Msemaji wa upande wa binti huvipokea, huvitafutia kasoro kidogo kwa utani, huwatoza wageni faini ya wimbo, kisha huvikubali. Hapo ndipo ndoa inapofunguliwa mlango. Lakini Wamarekani hawa watajuaje? Wakiingia mikono mitupu, dada yake Mzee, Shangazi Namubiru wa Husby, atawarudisha uwanja wa ndege kwa miguu. Na bila shangazi kwa Waganda hakuna ndoa.

Kwa hiyo Mzee amebuni hila ya heshima. Sisi wenyewe tuchague mvinyo mwekundu wa Kimarekani, tuununue, tuwakabidhi wakwe kwa siri ndani ya lifti, nao wauingize sebuleni kana kwamba wameubeba kutoka kwao. Shangazi asijue. Mswidi angeona hapo kuna wazimu. Sisi sote tuliona adabu.

Na nani atakuwa msemaji? Mzee akasema: yule atakayechagua mvinyo bora. Anayeweza kuwachagulia watu kinywaji bila kuwagombanisha, huyo anaweza kuwasemea.

Msemaji! Sebule nzima imenyamaza, wazee wameinamisha vichwa, na mdomo mmoja tu unasikika! Lazima uwe mdomo wangu! Mwaka jana niligombea uenyekiti wa Umoja nikapata kura mbili: yangu, na ya bwana mmoja aliyeingia ukumbini akitafuta choo. Jeraha hilo halijapona. Nikainua mkono.

Solomon Ngugi naye akainua wake. Mkenya, mwanafunzi wa uchumi wa kibepari, mtu anayefunga tai hata akienda kutupa taka. Akasema, kwa sauti ya aliyezoea, kwamba amewahi kunywa Cabernet, mvinyo wa zabibu za jina hilo. Kikao kikamtazama kwa heshima. Nikasema mimi nimewahi kuisoma. Agripina, katibu wetu, akauliza kama hilo nalo aliingize kwenye kumbukumbu za kikao.

Liko tatizo dogo la kinadharia. Mwandishi wa azimio la Umoja la kususia bidhaa zote za Marekani ni mimi. Jinzi sivai. Soda yao siigusi. Nitalitatua kesho.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimelitatua! Mvinyo si mali ya bepari. Mvinyo ni jasho la mchuma zabibu lililochachushwa. Kuunywa ni kumsikiliza mfanyakazi kwa ulimi. Nikampigia simu Agripina nimsomee. Yeye anasomea uuguzi Flemingsberg, na kama Wahaya wengi hana subira na mtu anayechukua njia ndefu. Akasema jasho halinywewi, Ndugu Method, hasa la mtu usiyemjua. Hata hivyo amekubali kuleta vikombe vya kuonjea: vile vidogo vya plastiki vya kunyweshea wagonjwa dawa, vipya, vyenye mistari ya vipimo. Sayansi imejiunga na mapambano.

Nimeshinda maktabani mchana kutwa. Nimejifunza kwamba mvinyo mwekundu una ukakasi, kama ndizi mbichi au sera za benki. Kwamba hulazwa katika mapipa ya mwaloni ukapata harufu ya fanicha. Kwamba kuna zabibu iitwayo Zinfandel, ambayo Kalifornia inajivunia mno, inayonuka pilipili manga. Nimeichagua hiyo. Solomon na Cabernet yake ni mtu wa jana. Mimi ni mtu wa Zinfandel, ambayo kesho haijapata habari zake.

Kikwazo: mahali pa kuonjea. Mama Jerioth, mwenye nyumba wangu hapa Hallonbergen, ni Mkenya mlokole. Ametamka kwamba chupa ya pombe haitavuka kizingiti chake Yesu akiwa hai, na kwa imani yake hilo ni la milele. Solomon alitaka twende kwake. Kamwe! Adui hapewi uwanja wa nyumbani.

Nikapata wazo. Chumba cha kufulia! Chini ya jengo letu kuna chumba cha mashine za kufulia kinachotumiwa na wapangaji wote kwa zamu. Kila nyumba ina kufuli lake dogo. Ukilitundika ubaoni kwenye saa unayotaka, saa hiyo ni yako, na Mswidi atauza mama yake kabla ya kuigusa. Nimetundika kufuli la Mama Jerioth Jumamosi alasiri. Nikamwambia nitafua mapazia. Akanibariki.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimetoka duka la serikali la vileo. Ndugu zangu! Hapa dola ndiyo inayouza pombe, nayo huiuza kama inayotoa pasipoti. Unapanga foleni. Unafika kaunta. Unataja namba ya kinywaji kutoka katika orodha yao. Unapewa. Unaondoka na aibu yako.

Nilimwomba mhudumu anieleze, kabla sijataja namba, hali ya wachuma zabibu wa chupa husika. Akaniomba namba. Nikauliza kama kuna chama cha wafanyakazi katika shamba hilo. Akaniomba namba. Nikageukia foleni, nikaieleza kwa Kiswidi changu kilichonyooka kwamba mnywaji asiyeuliza ni mshiriki wa dhuluma. Foleni ikatazama viatu vyake. Mzee mmoja akaguna. Katika nchi hii hayo ni machafuko ya umma.

Nikataja namba. Nikapewa Zinfandel. Imara, nyeusi, mabega mapana kama mwanamgambo.

Sasa hila. Kesho chupa zitafunikwa, asijue mtu ipi ni ya nani. Hilo ni pendekezo la Solomon, amelisoma mahali. Sawa. Lakini mkono hauna kifuniko! Nimeitundika chupa yangu nje ya dirisha kwa mkanda wa suruali, nikiivuta kutoka chini kama ndoo ya kisimani, na hivyo kizingiti cha Mama Jerioth hakikuvukwa. Baridi ya Oktoba itaigandisha usiku kucha. Kesho nitapapasa: chupa baridi kuliko zote ni yangu. Nitaisifu mpaka walie. Chupa nyingine nitazizika.

Suruali imeanza kunishuka. Mapambano yana gharama zake.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kichwa changu kinazunguka kwa upole. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Wajumbe: Mzee Ssali, Agripina, Solomon na mimi. Chupa: Zinfandel yangu, Cabernet ya Solomon, na ya tatu aliyoichagua Mzee kwa sababu nembo yake ilikuwa na picha ya ndege. Agripina alizipokea mlangoni, akajificha nazo nyuma ya mashine kubwa, akazivika soksi ndefu alizozikuta zimesahauliwa kwenye kamba. Akazipanga. Chupa za Marekani zikatokea mbele yetu kama watoto wa shule.

Solomon akafungua kwa muhadhara. Mwonjaji wa kweli, alisema, huuzungusha mvinyo mdomoni kisha huutema. Mzee Ssali akaweka kikombe chini. Akauliza: utemwe wapi? Solomon akaonyesha sinki. Mzee akasema yeye alikimbia Kampala usiku, amekula vitu vya ajabu katika nchi nyingi, na hajawahi kutema alichopewa. Zaidi ya hayo, hiki ni kinywaji cha wakwe. Ukikitema, ssebo, bwana wangu, umemtema nani? Umemtema mkwe! Kura ikapigwa. Kutema kukakataliwa. Tukameza kila kitu, na kwa sababu vikombe vya Agripina ni vidogo, tukavijaza mara nyingi kwa ajili ya usahihi.

Zamu yangu. Nikapapasa soksi kwa ujanja, nikijifanya nasoma upepo. Ya kijani: baridi kama kaburi! Nikaonja. Nikafumba macho. Nikasema: hapa kuna zambarau zilizoiva mpaka zikajiangusha zenyewe. Hapa kuna ukwaju kwa mbali. Hapa kuna ukakasi wenye nidhamu ya chama! Mzee akatikisa kichwa kwa hisia.

Soksi yenye mistari ilikuwa na joto. Nikajua ndiyo Cabernet. Ndugu zangu, nilipandwa na roho! Nikasema huu si mvinyo, ni jemu iliyosahauliwa jikoni. Una utamu wa ahadi za Washington, na mwisho unaunguza koo kama masharti ya mkopo. Nikasema ningekuwa mti wa mzabibu uliozaa kitu hiki, ningejing'oa. Nikapanda juu ya mashine. Nikasema aliyeileta chupa hii ajitokeze aombe radhi kwa wakulima wa dunia. Agripina alicheka mpaka akakumbatia kabati la kukaushia. Solomon naye alitabasamu. Tabasamu lile nilipaswa kulichunguza.

Kura zote zikaenda kwa soksi ya kijani. Ya Mzee, yenye ndege, haikuwa na ladha yoyote, lakini aliitetea hata baada ya kura.

Soksi zikavuliwa. Ya kijani: Cabernet ya Solomon, ambaye alikuja kwa baiskeli kutoka mbali na chupa kwenye kikapu cha mbele, katika upepo wa leo. Yenye mistari: Zinfandel yangu. Agripina alikuwa ameiweka juu ya kabati la kukaushia nguo, alisema, kwa kuwa aliiona imeganda akaihurumia.

Solomon akaniuliza, Komredi, niombe radhi mimi au utaomba wewe?

Sikuyumba! Nikawaambia kwamba wamekwisha kushuhudia kujikosoa kwa kiwango ambacho vyama vingi vya ukombozi havijakifikia. Hapo Mzee Ssali akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi ndani ya kikapu cha nguo, akashindwa kutoka. Akiwa humo humo akatoa uamuzi. Mvinyo ni wa Solomon. Lakini mtu anayeweza kuitukana chupa yake mwenyewe namna ile ndiye hasa anayefaa kutafutia kasoro kinywaji cha wakwe! Mimi ni msemaji wa upande wa binti! Solomon atawasemea Wamarekani, kwa maana wageni nao hawawezi kuachwa bila mdomo.

Nimeshindwa nikashinda! Huo ndio upeo wa dialektika!

Tulipokuwa tukimvuta Mzee atoke kikapuni, huku akiimba Kiluganda, mlango ukafunguka. Bibi Lindkvist wa ghorofa ya tatu, zamu yake imewadia, mashuka mikononi. Akatutazama. Akazitazama chupa, na soksi, ambazo nadhani alizitambua. Akasema, "Jaha." Neno dogo la Kiswidi, kama "ahaa" yetu. Hutumika badala ya mahakama.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mazoezi, nyumbani kwa Mzee. Wazazi wa Russell wamewasili, walimu wastaafu, warefu, wenye tabasamu la watu waliofanyiwa kazi nzuri na daktari wa meno. Bado sijaonana nao, nimeonyeshwa picha tu. Msemaji huhifadhiwa.

Mzee akanielekeza tena. Kasoro moja, mwanangu. Ndogo. Sema chupa ina vumbi. Sema kizibo kimepinda. Watozwe wimbo, wacheke, upokee. Nikamuuliza kama kasoro za kimuundo zinaruhusiwa. Akarudia: moja. Akanionyesha kidole, nisije nikasema sikuelewa.

Agripina atatafsiri Kiswahili changu kwa Kiingereza, ili wakwe wafuate.

Nilipokuwa nikingoja treni kurudi maktabani, Eseza akanifuata hadi stesheni. Hakuwa amevaa koti. Akasema: "Kaka Method, nakuomba. Baba aliingia nchi hii na koti moja na picha ya marehemu mama. Hajawahi kupokea wageni wa heshima kwa jina lake mwenyewe tangu tutoke kwetu. Jumamosi ndiyo siku yake. Shangazi akikasirika, ataondoka, na ndoa itaondoka naye. Usiniharibie." Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani ni baridi.

Nikamshika mkono. Nikamwapia kwa jina la waliokufa msituni. Kasoro moja! Nimeiandika na kuikariri. "Kizibo kimepinda kidogo." Ni sentensi nyembamba, haina mfupa, lakini ahadi ni ahadi.

Nimeongeza utangulizi mfupi tu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Ushindi! Nadhani ni ushindi. Acha nieleze.

Sebule ya Mzee Ssali ilifurika. Wanawake katika magauni ya gomesi, mabega yamechongoka kama milima. Mama Jerioth alikuwepo, amekubali kuja kwa ajili ya ndoa, si kwa ajili ya chupa. Shangazi Namubiru alikuwa mkekani, mgongo umenyooka, haangalii mtu lakini anaona kila kitu.

Mlango ukabishwa. Solomon aliingia akiongoza wakwe, tai mpya shingoni. Baba Russell na Russell walibeba sanduku la Cabernet, lililotoka kwenye lifti muda mfupi uliopita, kwa ustadi wa watu wanaojua kutii. Mama Russell akiwa nyuma. Solomon akasema wageni wametoka mbali, wamevuka bahari, na hawakuja mikono mitupu. Akanyanyua chupa. Vigelegele. Shangazi akainamisha kichwa kidogo sana. Nikamwona Mzee Ssali akivuta pumzi ya kwanza ya siku.

Zamu yangu.

Nikaipokea chupa. Nikakitazama kizibo. Nikafungua kinywa kusema kimepinda. Lakini sebule ilikuwa imenyamaza, ndugu zangu! Wazee wameinamisha vichwa! Mdomo mmoja tu! Nani angeupoteza ukimya wa namna ile kwa kizibo?

Nikaanza na nembo. Nikauliza: mbona picha hii ina jumba, ina kilima, ina jua, na haina hata mtu mmoja aliyeinama? Zabibu zilijichuma zenyewe? Nikaenda kwenye mtaro wa shamba. Nikaenda kwenye migongo, kwenye dawa zinazonyunyizwa watu wakiwa humo humo, kwenye watoto wanaolala chini ya malori wakati mama zao wanachuma. Sauti yangu ilipanda yenyewe. Sijui ilikopatia nguvu. Nikatua nipumue, Agripina atafsiri.

Agripina akawaambia wakwe, kwa Kiingereza, kwamba msemaji anaona chupa ni ndogo.

Wakwe wakacheka kwa furaha. Baba Russell akakohoa, akajiandaa kuimba. Solomon akaninong'oneza: "Komredi, pokea, funga mdomo, tukale." Kila kitu kilikuwa kimekwisha vizuri. Nakiri kwamba palikuwa na mlango wa kutokea.

Lakini nilikuwa nimekatwa hotuba! Na katibu wangu mwenyewe! Nikabadili lugha. Nikairudia yote kwa Kiingereza, pamoja na sehemu nilizokuwa nimezisahau mara ya kwanza. Nikamalizia kwamba mvinyo huu ni mwekundu kwa sababu unazo sababu.

Tabasamu za meno zikazima. Baba Russell akashika koti lake. Russell akamtazama Eseza, naye Eseza akanitazama mimi, na sitaandika jinsi alivyonitazama. Mzee Ssali alikuwa amekifunika kinywa kwa kiganja, kama mtu aliyeona kikombe kinaanguka.

Mama Russell akasimama. Uso umemwiva. Akanijia moja kwa moja. Nikajiandaa kwa kofi, ambalo wanamapambano wakubwa wote wamewahi kulipata. Akanikumbatia!

Akasema, sauti ikikatika, kwamba alipokuwa mwalimu kijana alisimama barabarani na wachuma zabibu waliogoma siku nyingi juani, wazazi wa wanafunzi wake, na akaapa kwamba chupa isiyo na chapa ya chama chao haitaingia mkononi mwake. Na leo imeingia! Aibu iliyoje! Akaeleza kwamba hata nembo hakuisoma, kwa kuwa sanduku walipewa sasa hivi ndani ya lifti na huyu kijana mwenye tai.

Agripina hakutafsiri. Haikusaidia. Shangazi Namubiru alifundisha Kiingereza huko Kampala.

Shangazi akauliza polepole: lifti gani?

Mama Russell, asiyejua amesema nini, akalibeba sanduku hadi jikoni. Tukasikia chupa ya kwanza ikiguguma kwenye sinki. Kisha ya pili. Solomon alifumba macho kwa kila moja. Mtu mmoja nyuma alilia kwa sauti ndogo, nadhani ni mjomba kutoka Uppsala.

Mzee Ssali akapiga magoti mbele ya dada yake. Mzee! Akamwambia kwa Kiswahili, sote tusikie, kwamba wakwe hawana kosa, hila ni yake, aliogopa nyumba yake ionekane imeingiwa na watu wasio na kitu. Shangazi akageukia jikoni. Alimwita Mama Russell kutoka jikoni, akamuuliza wameleta nini kutoka nyumbani kwao wenyewe. Kwao. Si kwenye lifti.

Wakwe wakatazamana. Baba Russell akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa mfuko wa karatasi uliokunjwa. Plamu zilizokaushwa. Kutoka mti wa nyuma ya nyumba yao, alisema, yeye huzikausha juu ya bati kila kiangazi. Walikuwa wakizitafuna ndani ya ndege. Aliuweka mfuko mkekani, masikio yamekuwa mekundu.

Shangazi akachukua moja. Akatafuna. Nyumba nzima ikamsikiliza akitafuna. Eseza alikuwa ameng'ang'ania mkono wa Russell mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Kisha Shangazi akasema mfuko huu umeliwa nusu. Hiyo ni kasoro. Faini, wimbo!

Baba Russell akaimba. Vibaya mno! Kama mlango wa stoo! Na sebule ikalipuka, vigelegele, gomesi zikipepea, Mzee Ssali akilia bila kujificha, Eseza akiruka ruka kama mtoto. Ndoa imepita! Mfuko ukazungushwa, kila mtu akala plamu, wengine kwa pupa, maana kinywaji kilikuwa kimekwenda chini ya Stockholm, na ni Jumamosi, na duka la serikali halifunguki mpaka Jumatatu. Tuliwatakia heri kwa chai ya maziwa.

Mzee alinikuta mlangoni. Akaniwekea mkono begani. "Mwanangu, nilikuomba kasoro moja, ukaniletea Marekani nzima." Kisha akanifunga koti vifungo, polepole, na kunisukuma nje.

Jumapili, 14 Oktoba

Tathmini.

Kwanza, ndoa imepatikana kwa sababu ya hotuba yangu. Bila hotuba, kusingekuwa na ukweli. Bila ukweli, kusingekuwa na plamu. Nimempigia Agripina kumweleza mantiki hii. Akasema ndiyo, Ndugu Method, na aliyeichoma nyumba ndiye aliyewasaidia waone njia. Ameongeza kwamba hatanitafsiria tena maisha yake yote. Ni mnyenyekevu. Ataombwa upya.

Pili, Solomon hapatikani kwa simu. Anayeishi naye anasema yupo chooni tangu alfajiri. Alikula plamu nyingi mno akijaribu kusahau Cabernet. Hili nalihesabu kama ushindi wa kimkakati.

Tatu, Mama Jerioth! Amenipikia githeri, mahindi na maharage, asubuhi hii. Anasema hajawahi kuona kijana akiimwaga pombe ya nyumba nzima kwa neno tu la kinywa, na anataka nikahubiri kwenye ushirika wao. Nimekubali. Sikumsahihisha, maana umati ni umati.

Nne, na hili ndilo kubwa. Mama Jerioth, kati ya githeri na chai, amenong'ona kwamba Shangazi Namubiru ana mpwa mwingine, Kevina, atakayetambulishwa mwezi Novemba, na mchumba ni Mswidi. Shangazi ameagiza nisiambiwe tarehe, wala mtaa, wala jina la kijana. Kwa nini mtu afichwe kitu isipokuwa kwa kuogopwa? Na anayeogopwa ndiye anayehitajiwa! Waswidi watakuja na mvinyo wa Kifaransa, huo ndio udhaifu wao. Lazima tuujue kabla yao, wote, mwekundu na mweupe.

Kuhusu jana, nimejikosoa kwa ukali na kugundua kosa moja: nilianza kwa Kiswahili. Safari ijayo nitaanza na Kiingereza moja kwa moja, na utangulizi utakuwa mrefu zaidi, ili watu wawe wametayarishwa.

Ndugu wanamapambano! Kamati ya Mvinyo wa Kifaransa itakutana Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, jikoni kwa Agripina, Flemingsberg. Kuchelewa ni usaliti. Mwenye jiko ataarifiwa.